Kutoa kabureta na kufunga EFI kwenye injini ya boti: mwongozo kwa mafundi wa Dodoma na Mtera

Boti iliyosetiwa kabureta kwa hewa ya Dar es Salaam ikipandishwa hadi bwawa la Mtera huanza visa. Inakula mafuta kuliko ilivyozoea, plagi zinatoka nyeusi, na ikishapumzika juani mchana inagoma kuwaka. Hapo mwenye boti anaambiwa kijiweni kwamba dawa ni moja tu: toa kabureta, funga EFI, yaani mfumo wa kupuliza mafuta unaoongozwa kwa umeme. Wakati mwingine ni kweli. Ila mimi nikiletewa boti ya namna hiyo, EFI ndiyo kitu cha mwisho ninachokizungumzia, na hapa pia nitaanza na sababu za kutoifunga.

Je, inahitajika?

Bwawa la Mtera likijaa, uso wa maji uko mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 8, na joto la Oktoba linaipunguza tena. Kabureta haina habari na uzito wa hewa. Inaendelea kutoa petroli kana kwamba bado iko Dar, kwa hiyo mafuta yanazidi hewa na masizi yanajaa kwenye plagi.

Dawa ya kwanza ni ya bei ndogo. Fungua kabureta, isafishe, pima kimo cha boya lake, kisha weka jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli) iliyo ndogo kwa namba moja au mbili. Halafu tazama propela. Kama injini haifiki mzunguko ulioandikwa kwenye kitabu chake ukiifungulia yote, propela ni nzito mno kwa hewa ya huku. Kupunguza pichi ya propela, yaani umbali inaosonga kwa mzunguko mmoja, kwa inchi 1 hupandisha injini kwa mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Boti ya kutembelea wikendi ikishafanyiwa hayo, mara nyingi kazi imekwisha.

Mwambie pia mteja wako ukweli huu kabla hajatoa hela: EFI hairudishi nguvu iliyopotea kwa sababu ya kimo. Hewa iliyopungua imepungua. Inachofanya ni kupima hewa iliyopo na kutoa mafuta yanayolingana nayo.

Inalipa pale boti inapofanya kazi kutwa nzima, ya doria au ya kuvusha watu; pale petroli inapochemka ndani ya kabureta kila injini ikizimwa ikiwa ya moto; na pale boti inapohamahama. Boti inayotoka baharini, ikakaa Mtera msimu mmoja, kisha ikapelekwa Ziwa Victoria kwenye mita 1,134, itahitaji jeti mpya kila inapohama. EFI inajirekebisha yenyewe.

Haya yote ni kwa injini za ndani za mipigo minne. Zile za kutundika nyuma za kuchanganyia oili, ziache kama zilivyo. Mwenye hiyo akitaka EFI, auze anunue ya mipigo minne iliyotoka nayo kiwandani. Kuibadilisha kwa mkono ni kutafuta kesi.

Seti ya kununua

Chagua seti ya throtobodi, yaani ile inayokaa palepale kabureta ilipokaa, nozeli za kupulizia mafuta zikiwa ndani yake. Mfumo wa nozeli moja kwa kila silinda ni bora zaidi kwa kugawa mafuta, lakini unahitaji manifoldi nyingine au kuchonga iliyopo, na kwa injini ya kazi faida yake haifidii usumbufu huo.

Seti iwe ya majini. Hapa wengi wanataka kuokoa hela kwa kuchukua ya gari, na hapa ndipo nakataa kabisa. Gari likivujisha petroli, mvuke unaangukia barabarani na upepo unaupeleka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Kwenye boti unateremka hadi ngama, kule chini maji yanakokusanyika, na unakaa hapo ukisubiri cheche. Ndiyo maana stata, alteneta, pampu na distributa za boti zimezibwa zisitoe cheche nje, na ndiyo maana juu ya kabureta kuna wavu wa chuma wa kuzuia moto wa injini usirudi chumbani. Throtobodi yako lazima ikubali kufungwa wavu huo. Chujio la hewa la gari halifanyi kazi hiyo. Kwenye vifaa vya umeme tafuta alama ya SAE J1171, inayoonyesha kwamba kifaa hakitoi cheche nje.

Ukubwa wa nozeli unaupiga mahesabu mwenyewe. Injini ya petroli kwenye mzigo kamili hutumia kama gramu 230 za mafuta kwa kila nguvu-farasi moja kwa saa. Injini ya lita 3 yenye nguvu-farasi 130 itakula karibu kilo 30, ambazo ni lita 40 hivi kwa saa. Hiyo ni kama cc 670 kwa dakika. Ukigawa kwa nozeli 4 ni cc 167, na kwa kuwa nozeli isifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda, unahitaji za cc 210. Kubwa kupita kiasi zitakusumbua kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka taratibu bila eksileta.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Pima kompreshini ya kila silinda. Kama moja iko chini sana kuliko wenzake, acha hapo na mwambie mwenye boti ukweli, maana kontrolboksi, kompyuta ya EFI, haitibu ringi zilizokwisha. Pima betri wakati stata inazungusha: ikishuka chini ya volti 10, badilisha betri au safisha nyaya kwanza. Injini ikishawaka, alteneta itoe kati ya volti 13.8 na 14.4.

Distributa ya platini itolewe, ifungwe ya elektroniki. Nyaya za plagi ziwe za kuzuia kelele za umeme, na plagi ziwe zenye herufi R. Nyaya za zamani za shaba tupu zinaichanganya kontrolboksi hadi inahesabu mizunguko ambayo haipo.

Hatua ya 2: Mafuta

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kufunga throtobodi ni bolti nne. Njia ya mafuta itakuchukua muda kuliko vyote vingine kwa pamoja, na EFI nyingi zinazosumbua zinasumbua hapa.

Anza na petroli yenyewe. Kwenye mialo mafuta huuzwa kwa madumu, na dumu halikosi maji. Chukua chupa ya soda isiyo na rangi, jaza petroli kutoka chini ya tangi, iache itulie dakika kumi, kisha iinue uitazame kwenye mwanga. Maji yatakaa chini kama tabaka jingine, na mpaka wake unaonekana wazi. Mara nyingi kuna vumbi jekundu limelala hapo chini. Kabureta ilikuwa inameza uchafu huo na kulalamika kidogo tu. Nozeli na pampu ya presha havitavumilia. Mwaga tangi lote, lisafishe, kisha funga chujio la kutenganisha maji la mikroni 10 kabla ya pampu. Chombo chake kiwe cha chuma. Yale yenye kikombe cha plastiki cha kuonea ndani ni mazuri kwa macho, ila moto ukitokea kinayeyuka na kuuongezea mafuta.

Sasa ukweli ambao seti nyingi hazikuambii. Bakuli la kabureta lilikuwa ni akiba. Boti ikiruka wimbi na bomba la tangi likavuta hewa kwa nusu sekunde, injini iliendelea kunywa kilichomo kwenye bakuli na wewe hukujua lolote. Ukitoa kabureta umetoa na akiba hiyo. Pampu ya presha ikivuta hewa, presha inaanguka papo hapo na injini inakata, na kwa kuwa mafuta ndiyo yanayoipoza, pampu nayo inaungua.

Kwa hiyo funga tangi dogo la kati la lita moja hivi. Pampu ya zamani ya presha ndogo inalijaza, na pampu ya presha inavuta kutoka humo. Hewa na mafuta yanayorudi kutoka kwenye throtobodi yanaingia juu ya tangi hilo, kisha ziada inarudi tangi kuu kwa mpira wake. Yako matangi ya namna hii yaliyotengenezwa kwa ajili ya boti, pampu ikiwa ndani, mengine yakipozwa kwa maji ya bwawa. Kwa joto la Mtera ningelipia hilo la kupozwa, kwa sababu mafuta yanayozunguka kutwa nzima yanapata moto, na tangi likibakia robo yanapata moto haraka zaidi.

Usiweke pampu ya presha mbali na injini. Kanuni za walinzi wa pwani wa Marekani, ambazo watengenezaji wengi wa boti wanazifuata, zinataka pampu iwe juu ya injini au isizidi inchi 12 kutoka kwake, na pampu ya umeme isifanye kazi injini ikiwa imesimama, isipokuwa wakati wa kuwasha. Sababu yake ni rahisi: njia yenye presha ikiwa fupi, pa kuvujia ni pachache.

Kuanzia tangini hadi pampu tumia mpira ulioandikwa SAE J1527 na A1-15. Huo umetengenezwa kustahimili moto kwa dakika mbili na nusu, muda wa kutosha kuzima injini na kuchukua mtungi wa kuzimia moto. Upande wa presha, mpira uwe na alama ya majini na pia uwe umeruhusiwa kwa presha ya EFI. Klipu za bisibisi upande huo hapana. Tumia ncha za kubanwa kwa mashine au za nati.

Tangini kwenye mdomo wa kutokea mafuta kuna valvu ndogo ya kuzuia mnyonyo, kigololi na springi yake. Fundi akikosa presha ya kutosha, kishawishi ni kuitoa. Usiitoe. Kazi yake ni kuzuia tangi lisimwagikie ngamani mpira ukikatika. Kama imebana, weka nyingine ya njia pana.

Hatua ya 3: Throtobodi

Toa kabureta, ziba manifoldi kwa kitambaa safi, kwangua gasketi ya zamani yote. Funga throtobodi na gasketi mpya, kaza bolti kwa mshazari kidogo kidogo. Unganisha kebo ya eksileta, kisha mwenzako asukume leva hadi mwisho huku wewe ukitazama: vipepeo vifunguke kabisa, na leva ikirudi vifunge kabisa bila kusita. Funga wavu wa kuzuia moto. Mpira wa kupumulia injini uliokuwa ukiingia kwenye wavu urudi mahali pake.

Hatua ya 4: Sensa ya oksijeni

Sensa hii hupima moshi ili kontrolboksi ijue kama mafuta yamezidi au yamepungua. Ekzosi ya boti ina maji ndani yake, na sensa hiyo ikiwa ya moto ikirushiwa tone la maji inapasuka. Kwa hiyo ikae sehemu kavu, kabla maji hayajachanganyika na moshi, na mbali kadiri inavyowezekana na pale yanapochanganyikia, kwa kuwa injini ikiwa sailensa moshi hupigapiga na kuvuta unyevu kurudi nyuma.

Tatizo ni kwamba manifoldi ya boti ina maji pande zote. Ukitoboa tu, unatoboa njia ya maji. Njia ninayoiamini ni kipande cha kati kinachowekwa kati ya manifoldi na kiwiko cha ekzosi: njia za maji zimepita pembeni, moshi umepita katikati, na tundu la sensa limeingia kwenye moshi bila kukutana na maji. Vipo vya kununua. La sivyo, mpelekee fundi mzuri wa mashine ya kuchonga, na umpe gasketi ya kiwiko aifuate kama ramani. Uzi wa sensa ni M18 kwa 1.5. Sensa iinamishwe angalau nyuzi 10 juu ya ulalo, ili umande utiririke na usikae kwenye ncha yake. Kiwiko kitakuwa kimepanda, kwa hiyo pima kama kifuniko cha injini bado kinafunga kabla hujachonga chochote.

Hatua ya 5: Umeme

Waya mkubwa chanya na ethi ya kontrolboksi viende betrini moja kwa moja, si kwenye swichi ya taa wala kwenye kizuizi cha fyuzi cha zamani. Viungo vibanwe kwa plaizi maalumu na kufunikwa kwa mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi. Kusokota na kuzungusha tepu hakufai palipo na mtikisiko na unyevu. Rilei za gari, zile swichi zinazowashwa kwa umeme, zinatoa cheche, kwa hiyo zifunge nje ya chumba cha injini. Nyaya za sensa zikae mbali na nyaya za plagi.

Jambo moja la boti za draivu ya nyuma: baadhi zina swichi inayokata moto kwa kitambo kidogo unapotoa gia, ili meno yaachiane. Kontrolboksi ikiwa ndiyo inayoendesha taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, swichi hiyo inaweza kuonekana kwake kama injini imezima. Soma kitabu cha seti ujue iunganishwe wapi. Vinginevyo utapata boti inayozima kila ikikaribia mwalo, mahali ambapo hutaki izime.

Kamba ya kuzimia injini lazima ikate na pampu. Jaribu: injini ikiwaka, chomoa kamba, sikiliza. Pampu inyamaze.

Hatua ya 6: Kuwasha gerejini

Kama uko Dodoma mjini na boti iko kwenye trela, maji ya kupozea yatoke simtanki kwa mpira na masikio yale ya kufunga kwenye draivu. Usiwashe bila maji hata kwa sekunde chache. Impela ya mpira iliyo ndani ya pampu ya maji inaungua ikizunguka kavu. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu, si ndani ya gari.

Fungua kifuniko cha injini, washa feni ya kufyonza hewa dakika 4. Kisha washa swichi bila kupiga stata. Pampu italia sekunde mbili tatu na kunyamaza, na geji isome presha iliyoandikwa kwenye seti, kwa kawaida bar 3 au 4. Rudia mara kadhaa. Sasa chukua karatasi kavu ya chooni, pitisha kwenye kila kiungo kimoja kimoja, juu na chini. Petroli inayotoka kwa unyevu tu haionekani kwa macho kwenye chuma, lakini karatasi inabadilika rangi mara moja. Kiungo kikilowesha karatasi, hakuna kupiga stata.

Kwenye mipangilio jaza lita za injini, silinda, ukubwa wa nozeli, na joto. Hilo la joto huwaponyoka wengi. Seti nyingi zinadhani injini ni ya gari, ya nyuzi 85 au 90. Injini ya boti inayopozwa kwa maji ya bwawa moja kwa moja inakaa kati ya nyuzi 60 na 71 kulingana na thermostati. Usipoishusha namba hiyo, kontrolboksi itaamini injini bado ya baridi na itaendelea kumwaga mafuta ya kuamshia siku nzima, na utakuwa umerudi palepale kwenye plagi nyeusi.

Sailensa iwe mizunguko 650 hadi 750. Thibitisha taimingi kwa taa.

Hatua ya 7: Majini

Kusetia gerejini hakumalizi kazi, kwa sababu injini haina mzigo. Gari kwenye barabara ya Iringa likishashika kasi linapumzika. Boti haipumziki, ni kama gari linalopanda Kitonga safari nzima. Kwa hiyo usikubali mchanganyiko mwembamba, wenye mafuta kidogo, unaosifiwa kwenye magari. Boti ikitembea polepole, hewa kwa mafuta 14 hadi 14.5 kwa 1 ni sawa. Ikishainuka juu ya maji na kukimbia, 13 hadi 13.5. Ukiifungulia yote, 12.5. Mwembamba zaidi ya hapo ukiwa na mzigo, unaunguza pistoni.

Nenda asubuhi upepo haujaanza, watu wawili: mmoja ashike usukani, mwingine asome. Kaa dakika kadhaa kwenye kila mzunguko, 1,000, 1,500, 2,000, kuendelea, kontrolboksi ijifunze. Usiruke moja kwa moja kwenye kasi. Geji ya presha ya mafuta itazame hasa boti inapoinuka, kwa sababu hapo ndipo injini inakunywa zaidi. Kama ilikuwa bar 3 na inashuka hadi 2.4 wakati huo, usiongeze mafuta kwenye mipangilio. Kuna kitu kimebana. Anza na chujio, kisha valvu ya tangini, kisha mpira uliopinda.

Halafu jaribu lile linalozima boti nyingi zilizofungwa EFI: ukiwa kasi, rudisha leva ghafla. Maji yanalishika draivu, mzunguko unaanguka, injini inazima. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya valvu ya sailensa ili ipunguze hewa taratibu eksileta inapofungwa, na iongeze hewa kidogo gia inapoingia. Rudia kwenda mbele na kinyume mpaka ishike.

Mwishoni fungulia yote kwa dakika moja, zima ukiwa kwenye kasi hiyohiyo, toa plagi. Kauri yake iwe ya rangi ya kahawia nyepesi. Ikiwa nyeupe pee, rudi kwenye mipangilio kabla hujarudi majini.

Baada ya saa kumi za kazi, kaza bolti za throtobodi na za kiwiko upya, kata chujio la kwanza uone lilichokamata, na kwenye miezi ya bwawa kushuka safisha chujio la maji ya kupozea kila siku, kwa sababu boti inatembea juu ya tope. Boti ya biashara ikaguliwe tena na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kwa kuwa mfumo wa mafuta si ule uliokaguliwa awali.

Kwenye boksi la boti kaa na fyuzi, rilei, chujio na pampu moja ya akiba. Nakili mipangilio kwenye kadi ya memori, na andika kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha injini presha ya mafuta, mizunguko ya sailensa, taimingi na ukubwa wa nozeli, ili fundi atakayeitwa mwaloni siku nyingine asianze kwa kubahatisha.